Leta Ushahidi: Mamlaka na Dai la Ithibati katika Fasihi na Mijadala ya Kiswahili

1. Utangulizi

Katika mabishano ya watu, yawe ya barazani, ya mahakamani au ya kurasa za jarida kama hili, ni nadra kupata kauli inayopewa heshima upesi kama "leta ushahidi". Anayeitamka huonekana papo hapo kuwa mtu makini asiyeyumbishwa na porojo. Anayeambiwa huonekana, hata kabla hajafumbua kinywa, kuwa mtu aliyenena asilolijua. Matokeo hayo hupatikana kabla ya ushahidi wowote kuletwa, na aghalabu hubaki vile vile hata ukiisha kuletwa. Jambo hili pekee latosha kutuonyesha kwamba kauli hiyo haina kazi moja tu ya kutafuta ukweli. Inayo kazi nyingine ya kijamii, nayo ni kuwagawa wazungumzaji katika makundi mawili: wenye haki ya kuuliza, na wenye wajibu wa kujibu.

Makala haya yananuia kuichunguza kazi hiyo ya pili. Tutaanza na maneno yenyewe jinsi yanavyotumika katika Kiswahili. Kisha tutatazama matini mbili ambamo dai la ushahidi limejengwa ndani ya kisa, yaani Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969). Baada ya hapo tutaingia katika mgogoro wa ushairi wa Kiswahili, ambao ndio uwanja ambapo wahakiki wenyewe waliulizana ushahidi kwa ukali mkubwa kuliko mahali pengine popote. Mwisho tutarejea Ukambani, tuliko. Dai letu ni kwamba uhalali wa kudai ushahidi haupimwi kwa maneno ya dai lenyewe. Hupimwa kwa maswali matatu: anayedai ni nani mbele ya anayedaiwa? Ni ushahidi wa aina gani unaokubaliwa? Na mdai mwenyewe anaweka rehani kitu gani?

2. Shahidi, ithibati, dalili, burhani

Kiswahili kina utajiri wa maneno katika uwanja huu, na kila neno lina mwelekeo wake. Ithibati yatokana na uthabiti: ni kile kinacholifanya jambo lisitikisike. Dalili ni ishara inayotangulia au kuandamana na jambo, kama tunavyosema dalili ya mvua ni mawingu. Burhani ni hoja iliyo wazi hata haihitaji kusaidiwa. Ushahidi, kwa upande wake, haujitengi na mtu. Hauwi ushahidi mpaka awepo shahidi, na shahidi kwa Kiswahili ni yule aliyeliona jambo na kusimama kulisema, na pia ni yule aliyekufa kwa ajili ya imani yake. Maana hizi mbili hazikukutana kwa bahati. Zinatukumbusha kwamba kushuhudia ni tendo lenye gharama, na kwamba gharama hiyo hulipwa kwa mwili wa anayeshuhudia.

Methali nazo hazina msimamo mmoja. "Mwenye macho haambiwi tazama" humkemea anayeomba ushahidi wa jambo lililo mbele yake. "Ukiona vyaelea vimeundwa" humfundisha asiyemwona fundi aamini kazi yake kwa kukiona chombo. "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja" huupa uvumi hadhi ya ushahidi, na hivyo humlinda msemaji asiulizwe. "Mkataa wengi ni mchawi" huenda mbali zaidi, kwani huigeuza idadi ya wasemao kuwa hukumu. Anayetafuta katika methali kanuni moja ya Waswahili kuhusu ushahidi hataipata. Atakachokipata ni jamii iliyojua kwamba mara nyingine kuuliza ni busara, na mara nyingine ni ujeuri.

Kitendawili kinatupa mfano ulio bayana zaidi. Mtegaji hapati haki ya kutega mpaka hadhira imwambie "tega". Hadhira ikishindwa, yeye hudai mji, na akiisha kupewa hana budi kulitoa jibu. Kwa hiyo muulizaji analo jibu mkononi, ameruhusiwa na wenzake, na zamu yake ya kuulizwa inakuja. Huu ndio muundo wa kuuliza wenye haki. Tuushike, kwa maana tutaona jinsi unavyovunjwa.

3. Kusadikika: ushahidi usiotakiwa

Hakuna riwaya ya Kiswahili iliyo na jina linalogusa mada yetu kama Kusadikika. Nchi hiyo iliyo angani imepewa jina la kitenzi chenye maana ya kuaminika, lakini humo ndani wanaoleta habari za kweli ndio wasiosadikiwa. Karama anashtakiwa mbele ya mfalme na baraza kwa kosa la kufundisha uanasheria. Mshtaki wake ni waziri Majivuno. Naye Karama, katika kujitetea, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kutafuta mambo ya kuifaa nchi, ambao waliporejea walilipwa adhabu.

Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama istiara ya utawala wa kikoloni, na usomaji huo una nguvu. Hata hivyo, umeliacha nyuma jambo moja la muundo. Wajumbe wale hawakwenda kwa hiari ya nafsi zao dhidi ya dola. Walitumwa. Dola ndiyo iliyodai ushahidi wa jinsi wengine wanavyoishi, na dola hiyo hiyo ndiyo iliyowatia hatiani walioufikisha. Shaaban Robert hakuficha shabaha yake, kwani mmojawapo wa wajumbe hao amemwita Buruhani. Msomaji anayejua maana ya neno hilo anaona kwamba aliyeadhibiwa pale barazani ni ushahidi wenyewe katika umbo la mtu.

Kwa hiyo Kusadikika inatufunza hila ya kwanza ya dai la ushahidi: kulitumia kama kazi isiyo na mwisho. Mwenye mamlaka humtuma mwenzake mbali, akijua kwamba muda wa safari ni muda wa mambo kubaki yalivyo. Msafiri akirudi mikono mitupu, ameshindwa. Akirudi na alichotumwa, ameikashifu nchi yake. Kwa upande mwingine, neno la Majivuno lina uzito kwa sababu ya kiti anachokikalia. Tazama pia jinsi Karama anavyoshinda. Hapambani na mashtaka moja kwa moja. Anawasimulia wakuu wa baraza historia ya hukumu zao wenyewe, na kwa njia hiyo waliozoea kuuliza wanajikuta wao ndio wa kueleza. Ukombozi wake unatokana na kugeuza upande wa swali.

4. Kinjeketile: swali moja, hukumu nyingine

Katika Kinjeketile, tamthilia iliyojengwa juu ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, ushahidi unadaiwa mara mbili. Mara ya kwanza wanaoudai ni watu wa Kinjeketile mwenyewe. Anazama majini, anatoka siku ya pili akiwa hai, na kutoka huko ndiko kunakoyapa maji nguvu ya kuyaunganisha makabila yaliyokuwa yakishukiana. Hapa ushahidi ni mwili uliorudi. Waliouona waliutaka kwa sababu walikuwa wanajiandaa kuhatarisha miili yao, na mtu anayekwenda kukabili risasi ana haki ya kuuliza maji yamefanya nini.

Mara ya pili anayedai ni Mjerumani. Vita vimeshindwa, Kinjeketile amefungwa, na anatakiwa kukiri kwamba maji yalikuwa uongo. Tukilipima dai hili kwa mizani ya ukweli wa mambo, Mjerumani hana kosa, kwani maji hayakuzuia risasi na maiti wapo. Kitunda, ambaye ni mwanajeshi na amewaona askari wake wakifa, anaielewa hoja hiyo na kumsihi mwenzake akubali. Hata hivyo Kinjeketile anakataa. Anajua kwamba akikiri juu ya maji, watoto wa vizazi vijavyo wataambiwa kwamba amekiri juu ya vita, yaani kwamba kumpinga mtawala kulikuwa kosa tangu mwanzo.

Wapo wanaomwona Kinjeketile hapa kama mtu aliyenaswa na uzushi wake. Sisi tunamwona kama msomaji hodari wa hali ya mazungumzo. Ametambua hila ya pili ya dai la ushahidi, yaani kuuliza juu ya jambo moja na kuhukumu juu ya jingine. Kuhusu maji, ushahidi upo na unamshinda. Kuhusu haki ya kukataa kulimishwa pamba kwa nguvu, hakuna aliyemuuliza neno. Kukataa kwake kujibu swali la kwanza ndiyo njia pekee aliyobakiziwa ya kulijibu la pili. Kwamba gharama yake ni kunyongwa kunaturudisha kwenye maana zote mbili za neno shahidi.

5. Mgogoro wa ushairi: ushahidi wa nani?

Tuliyoyaona katika kubuni yalitokea pia katika uhakiki. Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, aliupa utunzi kanuni zilizoandikwa za vina, mizani na ukamilifu wa beti. Miaka ishirini baadaye Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi (1974), yenye mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani. Mwaka 1976 wakafuata Mulokozi na Kahigi na Malenga wa Bara, na mwaka 1979 Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Wanamapokeo walijibu kwamba huo haukuwa ushairi. Katikati ya vuta nikuvute hiyo, mwaka 1978, Saadani Kandoro alichapisha kitabu alichokiita Ushahidi wa Mashairi ya Kiswahili na Lugha Yake. Jina hilo ni waraka wa zama zake. Mjadala kuhusu uzuri ulikuwa umegeuka kesi, na kesi huhitaji mashahidi.

Hebu tutazame ushahidi ulioletwa. Wanamapokeo walizishika tenzi za kale na miswada iliyohifadhiwa katika hati za Kiarabu. Upo Utendi wa Tambuka, ambao muswada wake ni wa mwaka 1728. Zipo tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa. Wanamabadiliko kwa upande wao walidai kwamba kabla ya arudhi kukomaa palikuwa na nyimbo za Waafrika ambazo mwendo wake ulitokana na ngoma na pumzi, bila kulazimika kuwa na vina. Hapo ndipo walipoambiwa walete ushahidi. Lakini wimbo wa miaka elfu iliyopita haukuacha karatasi. Kulidai andiko kwa jambo ambalo kwa asili yake halikuandikwa ni kuikata kesi kabla ya kuisikiliza. Hii ndiyo hila ya tatu: kuchagua aina ya ushahidi ambayo upande mmoja tu unayo sandukuni.

Tusikimbilie, hata hivyo, kuwafanya wanamapokeo kuwa wakosaji. Watu wa pwani walikuwa wamekwisha kuulizwa wao. Kwa miongo mingi wasomi wa kikoloni waliyaona majengo, dini na tungo zao kuwa kazi ya Waarabu na Waajemi, wakawataka Waswahili wathibitishe kwamba vyao ni vyao. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu (1988), anatetea ushairi huo kama mali ya Waswahili wenyewe, na jina la kitabu chake linabeba umiliki huo ndani yake. Mtu aliyedaiwa hati ya nyumba yake kila mwaka hawezi kulaumiwa sana akimdai hati jirani anayetaka kuvunja ukuta.

Lipo jambo jingine ambalo halijatiliwa maanani vya kutosha. Baadhi ya watetezi mashuhuri wa arudhi hawakuwa watu wa pwani kamwe. Amri Abedi na Saadani Kandoro walizaliwa Ujiji, kandokando ya Ziwa Tanganyika. Mathias Mnyampala, bingwa wa ngonjera, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Kwao vina na mizani vilikuwa cheti. Mtu wa bara aliyeweza kutunga shairi la mizani kumi na sita lisilo na dosari alikuwa ametoa ushahidi usiopingika kwamba lugha hii ni yake. Alipotokea kijana wa Ukerewe au wa Bukoba akasema cheti hicho hakina kazi, hakuwa akibishana juu ya vina tu. Alikuwa akiishusha thamani sarafu ambayo wenzake walikuwa wameinunua kwa jasho. Yamkini ndiyo sababu ukali ulikuwa mkubwa pale ambapo umbali ulikuwa mdogo, na anayeshurutisha wengine walete ushahidi mara nyingi ni yule ambaye wake ulidaiwa jana.

Pamoja na hayo, desturi ya malumbano ya washairi ilikuwa na kinga yake. Anayemuuliza mwenzake kwa shairi analazimika kuuliza kwa shairi: aonyeshe vina vyake, aonyeshe mizani yake, na ajiandae kujibiwa kwa bahari ile ile hadharani. Swali lenyewe lilikuwa mtihani kwa muulizaji. Mgogoro wa miaka ya 1970 ulipohamia katika nathari ya utangulizi na makala, kinga hiyo ilipotea. Ikawezekana mtu kudai bila kutoa.

6. Ukambani: kiapo na picha

Sisi tulio Machakos tuna kumbukumbu mbili zinazofaa kuwekwa kando ya matini hizi. Ya kwanza ni kithitu, kiapo cha Wakamba kilichoogopwa kuliko vyote, ambacho hata mahakama za wenyeji za enzi ya ukoloni zilikitumia katika kuamua mashauri. Anayekula kithitu huweka rehani uhai wake na wa jamaa zake: akiapa uongo, mauti yatawaandama. Hatuhitaji kuamini nguvu ya kiapo ili tuone busara ya muundo wake. Ushahidi hapa hauthaminiwi kwa wingi wa maneno. Huthaminiwa kwa ukubwa wa kile msemaji alicho tayari kukipoteza, na ukoo mzima una sababu ya kumzuia asiseme uongo.

Ya pili ni ya mwaka 1938. Serikali ya kikoloni iliamua kupunguza mifugo ya Wakamba kwa nguvu, ikitoa hoja kwamba ng'ombe wamezidi na udongo unamomonyoka. Ushahidi ulikuwapo: ripoti za wataalamu na picha za mwaka 1937 za vilima vilivyokwaruzika. Watu wakiongozwa na Muindi Mbingu waliandamana hadi Nairobi kutaka kumwona gavana. Walikuwa na ushahidi wao, nao ni kwamba ardhi yao ilikuwa imebanwa na mashamba ya walowezi, na kwamba ng'ombe ni akiba, mahari na heshima ya nyumba. Huo haukupigwa picha. Mifugo iliyochukuliwa ilikuja kurudishwa kwa shinikizo la maandamano hayo, lakini Muindi Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu. Mwaka 1994, watafiti Tiffen, Mortimore na Gichuki walichapisha kitabu ambamo picha za 1937 zimelinganishwa na picha za sehemu zile zile zilizopigwa zaidi ya miaka hamsini baadaye. Watu wa wilaya walikuwa wameongezeka kutoka takriban 240,000 mwaka 1932 hadi kama 1,400,000 mwaka 1989, na mmomonyoko ulikuwa umepungua, kwa kazi ya matuta ya wakulima wenyewe. Picha za mwanzo hazikusema uongo. Zilichosema zilikisema kweli, ila hukumu iliyotolewa kwazo, kwamba watu hawa hawawezi kuitunza ardhi yao, haikuwamo ndani ya picha.

7. Kwa upande wa ushahidi

Msomaji anaweza kuuliza kama hatuelekei mahali pa hatari. Tukisema kwamba kudai ushahidi ni kutumia mamlaka, je, hatumfungulii mlango kila mzushi? Swali hili ni zito, na Wakamba wana sababu ya kulijua. Mwaka 1932 wanaume 60 kati ya 70 walioshtakiwa walihukumiwa kifo kwa kumuua mwanamke waliyemwamini kuwa mchawi, ijapokuwa adhabu hiyo haikutekelezwa. Mwanamke yule aliuawa na watu walioridhika na ushahidi wa wingi wao. Laiti pangetokea mmoja wa kusema "leta ushahidi", angekuwa amesimama na mnyonge dhidi ya wengi. Mkataa wengi angeitwa mchawi, naam, lakini angekuwa ndiye shahidi wa kweli.

Mfano huo haulipingi dai letu, bali unalikamilisha. Kauli ni ile ile, ila mwelekeo umegeuka. Inapotoka kwa dhaifu kwenda kwa mwenye nguvu anayetaka kuadhibu, ni ngao. Inapotoka kwa mwenye nguvu kwenda kwa dhaifu anayelalamika, huweza kuwa mlango uliofungwa. Kwa hivyo anayesema kwamba ushahidi ni ushahidi tu, bila kujali unadaiwa na nani, hajasema uongo; amesema nusu.

8. Hitimisho

Tumeona hila tatu: kumtuma mtu safari isiyo na marejeo mema, kuuliza hili na kuhukumu lile, na kuchagua ushahidi ulioko kwa mdai pekee. Tumeona pia vipimo ambavyo utamaduni wenyewe umetuachia. Mtega kitendawili hutega kwa idhini na ana jibu. Mlumbi huuliza kwa umbo lile lile analolidai. Mla kiapo huweka nafsi yake rehani. Katika yote matatu, mdai anashiriki mzigo.

Vipimo hivi vinatuhusu sisi wa idara za Kiswahili kabla ya kumhusu mtu mwingine. Mwanafunzi anapoandika katika tasnifu yake kwamba wimbo wa kwao una mwendo wa namna fulani, swali ambalo hukutana nalo mara nyingi ni "nani kasema?", na jibu linalotakiwa ni jina la mtaalamu aliyechapishwa mbali, ambaye pengine hakuwahi kuusikia wimbo huo. Swali hilo hufanana na la mtafiti, lakini linataka idhini. Swali la mhakiki ni jingine: "wapi katika wimbo?" Hilo linamrudisha mwanafunzi kwenye matini, na linamlazimu mwalimu naye aende akasikilize. La kwanza linapima cheo cha shahidi, la pili linapima jambo lililoshuhudiwa. Fasihi ya bara iliyo bado vinywani mwa watu haitaingia katika uhakiki wetu kwa swali la kwanza, kwani waliostahili kutajwa hawakuandika. Itaingia kwa la pili, iwapo tunaouliza tutakubali kutembea hadi kule ambako wimbo unaimbwa.